Shingo Ikiuma kwa Mbele, Omba Tezi Ipimwe

Mwezi wa Agosti, wakati upepo wa Dodoma unapotimua vumbi na karibu kila nyumba ina mtu anayekohoa, niliugua mafua yaliyoisha kwa siku chache. Wiki tatu baadaye nilianza kusikia maumivu mbele ya shingo, upande wa kulia, yakipanda hadi kwenye taya na sikio kila nilipomeza mate. Jioni homa ilipanda, usiku nilitokwa na jasho, na moyo ulinienda mbio hata nikiwa nimelala.

Katika zahanati ya kwanza nilipimwa malaria, haikuonekana. Nikaambiwa ni mafindofindo na kupewa antibayotiki za siku saba. Dawa ziliisha, maumivu yakabaki, tena yakahamia upande wa kushoto. Nikaenda kwa daktari wa meno, naye akanieleza wazi kwamba meno yangu ni mazima. Karibu mwezi mzima ulipita hivyo, na ninaamini ungekuwa mfupi zaidi kama ningejieleza vizuri, kwa sababu kila mahali nilisema "koo linauma" ilhali kilichoniuma hakikuwa koo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza unahusu maneno. Tezi ya thairoidi imekaa mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, na hupanda na kushuka mtu anapomeza. Ikiwa hapo ndipo panapouma ukipagusa, paonyeshe kwa kidole, na umweleze daktari kama maumivu yanafika sikioni, kama yamehama upande, na kama uliugua mafua wiki chache kabla. Daktari aliyenisaidia hatimaye, baada ya dada yangu kuona mikono yangu inatetemeka na kunisisitiza nitafute barua ya rufaa, aliniuliza jambo ambalo hakuna aliyeniuliza kabla: "Mama, hivi karibuni ulipata mafua?"

Ugonjwa wenyewe, ambao madaktari huuita subacute thyroiditis, ni tezi kuvimba na kuuma, na mara nyingi hufuata maambukizi ya virusi, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Tezi iliyojeruhiwa huvujisha homoni ilizokuwa imezihifadhi, ndiyo maana mtu hutetemeka, hupungua uzito na moyo humwenda mbio. Vipimo vyangu vilikuwa vya damu tu: TSH, homoni kutoka kwenye ubongo inayoiamuru tezi kufanya kazi, ilikuwa chini, T4, homoni ya tezi yenyewe, ilikuwa juu, na ESR, kipimo cha bei nafuu kinachoonyesha uvimbe mwilini, ilikuwa juu sana. Ukienda kupima, taja kila dawa unayotumia, vikiwemo vidonge vya nywele na kucha, kwa kuwa vingi vina bayotini, aina ya vitamini ambayo inaweza kupotosha majibu ya homoni.

Hapa ndipo ninapoomba msomaji awe makini zaidi. Kabla sijafika kwa daktari huyo, mhudumu mmoja aliyeona TSH yangu iko chini alitaka kunianzishia kabimazoli. Dawa hiyo huzuia tezi kutengeneza homoni, nayo inawafaa sana wale ambao tezi zao zinatengeneza kupita kiasi. Lakini yangu ilikuwa inavuja, na mtungi uliopasuka hauachi kuvuja kwa kufunga bomba. Isitoshe, kwa wagonjwa wachache dawa hiyo hushusha vibaya chembe nyeupe za damu. Una haki ya kuuliza kwa adabu: "Daktari, tezi yangu inatengeneza homoni nyingi au inavujisha?"

Mimi nilianza na ibuprofeni, pamoja na propranololi ya kutuliza moyo, ambayo mwenye pumu hapaswi kupewa, hivyo amwambie daktari mapema. Maumivu yalipokaidi nilipewa prednisoloni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, na ndani ya siku mbili niliweza kugeuza shingo. Nafuu hiyo isikudanganye ukaacha vidonge ghafla, maana hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari, na maumivu huweza kurudi. Mwenye kisukari, vidonda vya tumbo au ujauzito aseme mapema. Na ikiwa ngozi ya shingo imekuwa nyekundu na homa ni kali, au unashindwa kupumua au kumeza, usingoje miadi; huenda kuna usaha, na hiyo ni dharura.

Kwa walio Kongwa, Bahi au Mpwapwa, safari ya kuja mjini ina gharama, hivyo ni vizuri kuuliza kwanza kama hospitali ya wilaya inapima homoni za tezi na kama bima yako inazilipia. Ikibidi kuja Dodoma, iwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa (General) au Hospitali ya Benjamin Mkapa kule upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), beba majibu yote ya awali, hata yale yaliyoonekana hayana kitu.

Maumivu yalipokwisha nilidhani nimepona. Miezi miwili baadaye nilianza kusikia baridi mchana, jua likiwa kali, na usingizi ukanielemea kazini: tezi iliyomaliza akiba yake ilikuwa sasa haitoi homoni za kutosha. Wengi hurudi katika hali ya kawaida kwa miezi kadhaa, wachache hubaki wakihitaji levothairoksini, vidonge vya homoni ya tezi, maisha yote. Mimi naimeza kila alfajiri kabla ya chai, na kila baada ya wiki sita hadi nane narudi kupima TSH, ingawa shingo haiumi tena.