Swali la lugha: Nifurahie kabla sijaonja?

Swali la wiki hii limetoka kwa msomaji anayeishi Lyon, Ufaransa. Anasema mtaani kwake kuna mgahawa mdogo wa mtu na mkewe, vimeza vichache tu, hawana menyu ya kudumu, wanapika kile kilichopo sokoni kwa wakati huo na kukiandika kwa chaki kwenye ubao. Siku hizi wanapata wateja waongea Kiswahili, basi mwenye mgahawa kamwomba msomaji wetu mstari mmoja wa Kiswahili wa kuweka chini ya ubao. Yeye kaandika: "Furahia mlo wako wa majira." Anachouliza, iwe "majira" au "msimu"?

Msimu. Haya, swali limeisha.

Basi niongeze kidogo nisionekane mvivu. Msimu ni la Kiarabu, mausim, pwani limezoeleka na majahazi yaliyoletwa na kaskazi na kurudishwa na kusi, na mpaka leo tunalitumia kwa vitu vinavyokuja na kuondoka, msimu wa maembe, msimu wa korosho, msimu wa watalii. Majira waachie watu wa hali ya hewa. Na chakula cha huko ni cha msimu kwelikweli, asparagasi wanaanza kuila kwa fujo mwezi Aprili na Juni ikiisha ndo basi tena, na wale kombe wanaowaita Saint-Jacques kuwavua ni marufuku kuanzia katikati ya Mei mpaka tarehe 1 Oktoba, kwa hiyo ukiwakuta wabichi mezani Julai uliza wametoka wapi.

Sasa tuje kwenye kilichoniudhi, ambacho msomaji hakukiuliza kabisa. Furahia.

Hili neno limenichosha jamani. Ukinunua bando, furahia intaneti. Ukikata tiketi, furahia safari yako. Ukifungua boksi la chipsi, kwenye mfuniko wameandika furahia mlo wako, chipsi zenyewe zimelala zimepoa zimejaa jasho, na mimi natakiwa nifurahi kwa amri! Kufurahia hakuagizwi hivyo. Unafurahia timu yako kushinda, unafurahia mtoto kufaulu, yaani jambo limetokea, moyo ukaitika. Chakula sijakionja, sijajua kama chumvi imekolea, wewe ushanipangia nikionaje, kwani kikitoka vibaya nani ataulizwa?

Najua lilikotoka. Mtu kaona Mwingereza ana la kumwambia mlaji, Mfaransa analo, bon appétit, akajiuliza sisi tunasemaje, akajijibu hatuna, akakimbilia kamusi. Tunalo, tena la kila siku, ila kwetu anayelisema ni mwingine. Kwa Mfaransa anayesema ni yule anayemtazama mlaji au anayemwekea sahani. Kwetu anayesema ni mlaji mwenyewe. Umekaa unakula, katokea mtu, unamwambia "karibu", na yeye anajibu "asante, starehe", au "nimeshakula", hata kama tumboni hamna kitu tangu asubuhi.

Mfano ninaoupenda ni wa kwenye basi. Mtu humjui, mmekutana siti tu, kafungua mfuko wa mihogo ya kukaanga, kabla hajatia mmoja mdomoni anakugeuzia mfuko, "karibu". Wewe unasema asante. Wengi hawachukui, na yeye anajua huenda usichukue, lakini asipokukaribisha utaona kalelewa wapi huyu. Sasa jaribu hapo kumwambia "furahia mihogo yako". Jaribu uone. Atakuangalia kama umemtukana, na kwa kweli utakuwa umemtukana, maana umemwambia kula peke yako mchoyo we. Hiyo "yako" ndo inayomaliza kila kitu. Mlo "wako", kwani kuna mtu alikuwa anagombania? Sinia la pilau lina mikono minne mitano ndani yake, nikuambie wewe ufurahie mlo wako, upi sasa, huo wa upande wako wa sinia?

Halafu kinachochekesha, huko huko Ufaransa wapo watu wa adabu za kizamani wanaoona kusema bon appétit mezani ni ushamba, eti unakuwa umezungumzia tumbo la mtu. Yaani sisi tumejichosha kutafsiri kitu ambacho wenyewe kwa wenyewe wanakigombania.

Wanaosema "mlo mwema" na "chakula chema" sina nguvu ya kupambana nao. Siwapendi, ila wamepitia mlango mmoja na usiku mwema na safari njema, acha wapite.

Kwa hiyo dada yangu wa Lyon (au kaka, hukusema), huo mstari ufute wote. Juu ya ubao andika "Leo kuna". Maneno mawili. Kila hoteli yenye ubao kuanzia Mombasa mpaka Mbeya, na nikisema hoteli namaanisha pa kula siyo pa kulala, inaandika hivyo hivyo, leo kuna wali samaki, leo kuna ugali maharage, na Mswahili akiiona anajua papo hapo kwamba kesho huenda kikawa kingine, na hiyo ndo habari nzima ya mgahawa wenu. Nani anaandika "embe la msimu"? Embe likiwepo sokoni ujue ndo msimu wake. Chini andika "Karibuni", bila furaha yoyote.

Ila "menyu" iepuke hapo, maana Ufaransa menu ni ule mpango wa bei moja, cha kuanzia, chakula chenyewe na kitamu cha mwisho, na ile orodha ya vyakula vyote wao wanaiita carte. Mgeni ataomba menyu akidhani anaomba karatasi ya kusoma, kumbe kaagiza sahani tatu. Na hicho cha kuanzia wanakiita entrée, Mmarekani entrée kwake ni chakula kikubwa, basi ukiandika "cha kuanzia" hakuna atakayepotea.

Na kwa vile najua utanirudia na swali la bei: huduma huko imo ndani ya bei tangu 1987, mteja haongezewi kitu. Mkate na maji ya bomba ya kwenye jagi havitozwi. Andika "bure". Nikisikia umeandika "furahia maji bila malipo" nakuja Lyon na kitambaa nifute mwenyewe.