Mwenyekiti wa bure, na sofa la maneno

SWALI: Shikamoo shangazi. Nakaa Mbagala. Ni mwenyekiti wa umoja wetu wa mtaa, kaya 43, mwaka wa nne sasa. Tunazikana, tunachangiana harusi, tuna maturubai mawili na viti 80 vya plastiki. Silipwi hata vocha. Michango inaingia kwenye namba yangu, funguo za stoo ninazo mimi, mtu akifiwa saa nane usiku anagonga kwangu. Hata ugomvi wa mipaka wananiletea. Majuzi nimesikia gengeni eti sofa langu jipya ni hela za rambirambi. Nililia. Mume wangu anasema niache kesho, ila naona nikiacha umoja utakufa. Nifanyeje?
Mama Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole kwa sofa. Mimi walinisema kwa friji.

Nilikuwa katibu wa umoja kama huo Tabata, miaka tisa. Hela tuliweka kwangu, kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Siku moja kuna msiba, tunahesabu mbele ya watu, imepungua elfu sitini na tano. Hakuna aliyeiba. Nililipa kirikuu kilichobeba maturubai na masufuria, sikuandika popote. Nikafidia mfukoni mwangu, na mpaka leo kuna mama akinisalimia macho yake yapo kwenye mkoba wangu.

Kwa hiyo kabla ya kuacha, toa hela kwenye simu yako, wiki hii hii. Fungueni akaunti ya kikundi, watia saini watatu, na ukiweza wewe usiwemo. Ulizeni benki mapema wanataka nini. Kwa kawaida ni katiba, muhtasari wa kikao na barua ya serikali ya mtaa. Siku ya kukabidhi, taarifa ya miamala ya namba yako isomwe kikaoni mstari kwa mstari, mpaka makato ya kutolea. Watasinzia. Waache wasinzie, lakini isomwe. (Mkija kuanza kukopeshana, mjue Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka kikundi cha namna hiyo kisajiliwe. Anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii.)

Funguo nazo zitoke. Usitangaze "vijana tusaidieni", hapo hajaitwa mtu. Nenda mlangoni kwa mtu mmoja, na kazi moja. Kwetu kulikuwa na seremala ambaye kikaoni hakuwahi kukanyaga. Nikamwomba atunze viti tu. Akavipindua vyote, akavipiga doa la rangi nyekundu chini ya kikalio, akafungua daftari: nani kachukua, vingapi, vimerudi lini. Alimfuata mtu mpaka Kinyerezi kudai viti viwili! Vikao bado haji, na sikumdai.

Ya mipaka yasivuke kizingiti chako. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa alipigiwa kura Novemba 2024, wapeleke kwake. Ikishindikana kuna baraza la kata, ambalo tangu 2021 haliamui tena kesi za ardhi, linasuluhisha. Wewe ni wa turubai na sanda, basi. Ukishatamka jiwe la mpaka likae wapi, mmoja wa wale wawili hatachanga tena.

Mume wako naye msikilize, ana nusu ya haki. Katiba yenu inasema muhula ni miaka mingapi? Kama iko kimya, wekeni mitatu, maana yake wewe umeshapitiliza. Taja tarehe ya kuondoka, tuseme miezi sita kutoka leo, na atakayekupokea asimame nawe kwenye misiba miwili mitatu kabla hujamwachia. Watakuambia, "Mama endelea tu, nani mwingine ataweza?" Tamu sana hiyo kuisikia. Mimi ilinikalisha miaka tisa, na nilitoka kwa sababu tulihama nyumba.