Usimkalishe mwanafunzi kwenye hiyo gari kabla ya kuweka breki ya pili

Ndugu yangu, hapana. Unataka kuanza kufundisha watu kuendesha gari, na umeuliza mambo mengi: bei ya somo, makaratasi, wanafunzi utawapata wapi hapa Bukavu. Mimi nimekwama pale uliposema utatumia gari yako ya nyumbani, otomatiki, volani kulia, na "hatari ikija nitavuta breki ya mkono". Maneno hayo nilikuwa nayasema mimi.

Kazi hii nilifundishwa na mzee mmoja mwenye otoekoli, yaani shule ya udereva. Aliniambia pedali ya pili ya breki upande wa mwalimu ni ya kuonyesha wakubwa tu, monitere (mwalimu wa udereva) mzuri anatumia macho na mkono. Nikamwamini kwa sababu ya mvi zake. Gari zake zote zilikuwa na pedali hiyo! Alijua. Aliniacha niende barabarani mikono mitupu, na sijamsamehe.

Mwanafunzi wangu alikuwa mama mmoja mfanyabiashara, somo la tatu. Tulikuwa tunashuka kutoka Kadutu, mvua imetoka kunyesha, matope mekundu yametapakaa juu ya lami. Motari, dereva wa pikipiki, akatokea kwenye kijia na magunia ya makala (mkaa). Nikapiga kelele: "Breki!" Mama akashtuka, akakanyaga mafuta. Na mtu akishtuka namna ile mguu unakaza, hautoki. Unaweza kuita jina lake mara kumi, hakusikii.

Nikavuta breki ya mkono mpaka mwisho. Ile inashika magurudumu ya nyuma peke yake, na gari yangu ilikuwa inavutwa na ya mbele. Injini inavuta, nyuma imekaza inateleza, mkia ukaanza kuzunguka. Kwa kilomita 30 kwa saa gari inakula zaidi ya mita 8 kila sekunde, kwa hiyo usifikiri nilikuwa na nafasi ya kutafuta N, ile gia ya kuachanisha injini na magurudumu. Nilishika volani nikaipeleka kwenye ukuta wa mawe, maana upande wa pili kulikuwa na watu.

Motari alipona. Mama alivunjika mkono wa kulia, ule anaopimia unga sokoni, na kwa wiki nyingi binti yake ndiye aliyeuza. Nililipa hospitali, nikawajengea wenyewe ukuta wao, nikabadilisha radiatere na taa: dola 1,400 zikaenda. Asiransi (bima) walikataa, wakisema karatasi yangu ni ya matumizi ya nyumbani, si ya kufundishia. Hilo nalo kaliulize kabla hujaanza.

Halafu angalia chini ya volani yako. Gari nyingi za familia kutoka Japani hazina hata hiyo breki ya mkono. Breki ya kuegesha ni pedali ndogo ya mguu wa kushoto wa dereva. Wewe ukiwa kiti cha abiria huifikii kabisa.

Breki ya pili si kitu cha ajabu. Fundi anaunganisha pedali yako na ya mwanafunzi kwa fimbo ya chuma au kebo, ukikanyaga wewe na ya kwake inashuka, na magurudumu yote manne yanashikwa. Usikubali akate mabomba ya mafuta ya breki. Kwa otomatiki breki inatosha. Gari ya vitesi, ya kubadilisha gia kwa mkono, inahitaji na pedali ya pili ya ambreyaji (klachi). Toa na zulia la miguuni, lisije likaingia chini ya pedali. Mimi kazi hiyo ilinigharimu dola 150. Nimeshaikanyaga mara nyingi sana tangu siku ile, na wanafunzi wengine hawakujua hata kama nimeikanyaga.

Bei ya somo tutaongea siku nyingine. Leo piga picha ya sehemu ya miguu upande wa abiria, uitume hapa, nikuonyeshe fimbo itapita wapi. Na yule mwanafunzi uliyesema anaanza Jumatatu, mpigie umwambie asubiri.