Cadillac ya 1947 inang'aa kishenzi, nitajuaje kama sio rangi tu?

SWALI: Mambo vipi kaka, mi msomaji wenu niko huku Columbus, Ohio, naendesha malori. Kuna mzee anauza Cadillac Series 62 ya 1947, ile ya kufunguka juu, anasema ilifumuliwa yote ikajengwa upya. Washkaji wananiambia nisidanganyike, hiyo ni rangi tu. Niangalie nini kabla sijatoa hela?

JIBU: Poa kaka, na hongera kwa jicho, maana hiyo si gari ya kuiona kila kona, za kufunguka juu mwaka ule zilitengenezwa 6,755 tu. Injini isikunyime usingizi. Ile V8 ya lita 5.7 na gia yake otomatiki ya Hydra-Matic ndo hizohizo Marekani ilizifunga kwenye vifaru vya M5 na M24 wakati wa vita, kila kifaru injini mbili, yani hata ikichoka fundi anaifungua na maisha yanaendelea.

Mi ningeanzia milangoni. Kwenye hizi gari paa, vioo na siti ya mbele vinasukumwa na haidroliki, yani nguvu ya oili inayosukumwa kwenye mipira myembamba, na kinachopita humo ni oili ya breki, sasa oili ya breki inakula rangi balaa. Mpira ukivuja ndani ya mlango huoni kitu juu, inachuruzika taratibu mpaka chini, kwa hiyo piga magoti kabisa, pitisha kidole kwenye ukingo wa chini wa mlango, ukigusa unyevu au rangi imefanya malengelenge basi hapo alipaka tu hakufumua. Halafu mwambie ashushe paa lote, ndo ufungue na kufunga milango, maana gari isiyo na paa la bati uzito wote unabebwa na chesisi na bodi ya chini, kukiwa na kutu huko inalegea katikati na mlango unaanza kugoma au kukwaruza. Sumaku ndogo pia beba, itambaze pembeni chini ya milango na juu ya magurudumu, isiposhika jua kuna puti nene, ile ya kuzibia mashimo na mabonde kabla ya rangi.

Umeme wake ni volti 6. Ikiwa inapiga stata kivivu kagua nyaya za betri kwanza, wengi wanaweka nyembamba za volti 12 wakati hii inataka nene.

Na tafadhali usiondoke hujaifungua tundu la mafuta, limefichwa chini ya taa ya nyuma ya kushoto, unabonyeza na taa yenyewe inanyanyuka! Napenda sana ile kitu.

Mwisho mwombe picha za wakati gari iko uchi. Mtu aliyeifumua kweli anazo, angerudishaje vipande vyote vile bila picha? Akikosa, mtajie bei ya gari iliyopigwa rangi, si zaidi.