Folda ya mradi: ikae kwenye seva ya ofisi au kwenye laptopu yangu?

SWALI: Shikamoo kaka. Ofisini kwetu Sinza tuko watengeneza programu wanne na tunatumia Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya faili. Folda ya mradi iko kwenye seva, sote tunaifungua humohumo kama diski Z. Bosi anasema ni salama zaidi, maana laptopu ikiibwa kazi inabaki. Jana nilihamia tawi jingine, yaani mkondo mwingine wa kazi, mara mwenzangu akapiga kelele kwamba faili alilolifungua limebadilika mbele ya macho yake. Tunakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Hofu ya bosi wako ni ya kweli, ila dawa aliyochagua siyo. Ripozitori, yaani ghala la historia ya mradi, ni ya wote na seva ndiyo mahali pake. Nakala ya kazi, yaani faili unazozifungua na kuzihariri, ni ya mtu mmoja. Folda hiyo inafungua tawi moja tu kwa wakati, kwa hiyo ukihama wewe mmehama wote wanne, na mwenzako akifanya komiti, yaani akihifadhi mabadiliko kwenye historia, anaweza kubeba mistari yako ambayo hujaimaliza. Mafundi wanne hawashoni shati moja kwa pamoja.

Kila mmoja awe na nakala yake kwenye diski ya laptopu yake. Mtaona na kasi: ukiandika git status, amri ya kuona kilichobadilika, Git hukagua faili za mradi moja baada ya nyingine, na kwenye diski Z ukaguzi huo hupita kwenye mtandao. Wanaotumia Subversion, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, wana sababu ya ziada. Tangu toleo la 1.7 la mwaka 2011, taarifa za nakala ya kazi hukaa kwenye hifadhidata ya SQLite, na kufuli zake, zinazozuia wawili kuandika kwa pamoja, si za kuaminika kwenye diski za mtandao.

Msikimbilie pia folda zinazojisawazisha na wingu. Hapo niliwahi kuumia. Nilifungua .git, folda ambamo Git hutunza historia, ndani ya refs/heads nikakuta faili mbili za tawi la main: moja ya kawaida, nyingine imebandikwa jina la mwenzangu na tarehe. Huduma ile iliona sote tumegusa faili lilelile, ikatunza yote mawili. Git haiutambui mtindo huo. Siku nzima iliishia kwenye kutafuta komiti zetu.

Sasa wizi. Kwenye seva tengenezeni ripozitori isiyo na nakala ya kazi kwa git init --bare, na muiwekee nakala rudufu kwenye diski inayolala nje ya ofisi. Kisha kila jioni, kabla hujafunga laptopu, sukuma, yaani tuma, kazi yako kwenye tawi lako huko kwenye seva, hata kama haijakamilika. Ikiibwa kwenye mwendokasi, hujapoteza zaidi ya kazi ya siku hiyo.

Kabla ya kuhama, wote waache kuandika. Mmoja wenu afanye komiti ya kila kilichomo diski Z, asukume matawi yote kwenye ripozitori mpya, ndipo wengine wachukue nakala zao. Folda ya zamani msiifute kwanza. Ifanyeni ya kusomeka tu kwa wiki mbili.