Kidonge cha Tano

Baba yangu ana miaka 78, na kwa miaka tisa sasa anatumia dawa za presha na za moyo bila kukatiza, isipokuwa siku nne ambazo nitazieleza mbele. Tunaishi Langoni, mjini Lamu, katika nyumba ya mawe yenye ngazi nyembamba zilizosimama wima, zile ambazo mgeni huzipanda huku ameshika ukuta. Nayaandika haya kwa sababu kilichokaribia kutuondolea mzee wetu hakikuwa moyo wake, bali kidonge alichopewa ili kutibu madhara ya kidonge kingine, nasi tulikuwa tukimhimiza kila siku asisahau kukimeza.

Mwanzoni alikuwa na dawa nne: amlodipini na atenololi kwa ajili ya presha na maumivu ya kifua, aspirini ya miligramu 75, na atorvastatini ya mafuta ya damu. Presha ilipokataa kushuka, amlodipini ikapandishwa kutoka miligramu 5 hadi 10. Baada ya wiki kadhaa vifundo vya miguu vikaanza kuvimba, hasa jioni, hata makubadhi aliyozoea kuvaa kwenda msikitini yakawa hayamwingii. Sisi tulisema ni uzee, na tena ni kukaa sana barazani. Katika kliniki moja tuliyompeleka, miguu ilitazamwa, ikabonyezwa kwa kidole, na kikaandikwa kidonge cha tano, furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini. Hakuna aliyeuliza uvimbe ulianza lini, na hakuna aliyetuambia kwamba dawa hiyo, ikimezwa mara moja kwa siku, yafaa imezwe asubuhi. Basi Baba akawa anaimeza baada ya isha pamoja na nyingine, akiamka kukojoa mara tatu au nne usiku, na miguu ikapungua kidogo tu. Baada ya mwezi mmoja alianza kusema kwamba akisimama dunia inamzunguka. Usiku mmoja, akishuka kwenda chooni, aliteleza ngazi sita za mwisho. Alipasuka paji la uso na kuumia mkono, na tunamshukuru Mungu kwamba nyonga haikuvunjika.

Daktari aliyemwona baada ya hapo aliuliza swali moja ambalo sasa nalirudia kila mahali: uvimbe ulianza lini, na kabla yake ni dawa gani iliyobadilishwa? Mimi na ndugu zangu tulitazamana. Aliyetuokoa ni Mama, ambaye huhifadhi karatasi zote za dawa ndani ya kopo la biskuti, na katika kopo hilo tarehe zilijieleza zenyewe. Amlodipini hutanua mishipa midogo inayopeleka damu kuliko ile inayoirudisha, kwa hiyo maji husukumwa nje ya mishipa na kushuka miguuni, na kadiri kipimo kinavyopanda ndivyo uvimbe unavyozidi. Dawa ya kukojoza haiondoi chanzo hicho. Hupunguza maji yaliyomo katika damu, na mzee akisimama presha inaporomoka. Daktari alirudisha amlodipini kuwa miligramu 5, akaongeza enalaprili kidogo, dawa nyingine ya presha, akaiondoa furosemidi. Wiki ya tatu makubadhi yalimwingia.

Hapa lazima nitahadharishe. Baba hakuwa na moyo ulioshindwa kusukuma damu. Kwa mwenye tatizo hilo, furosemidi ndiyo inayomwezesha kulala bila kubanwa na pumzi, na kumwondolea bila idhini ya daktari ni kumhatarisha. Ninachosema ni kuuliza, si kuondoa.

Tangu siku hiyo tuna daftari ambalo haliandikwi kila siku, kwa sababu daftari la kila siku huchosha na kuachwa. Huandikwa pale tu dawa inapobadilishwa au dalili mpya inapotokea, pamoja na tarehe. Maandishi juu ya vikopo vya dawa tuliyaandika kwa herufi za Kiarabu, kwani Baba, kama wazee wengi wa hapa, husoma Kiswahili kwa herufi hizo kwa wepesi kuliko herufi za shule. Vijana walicheka, lakini makosa ya kumeza cha usiku asubuhi yalikwisha wiki ile ile.

Jambo jingine tulilofundishwa ni kumpima presha akiwa amelala dakika tano, kisha kumsimamisha na kumpima tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, hilo ni la kupeleka kwa daktari. Yake, siku chache baada ya kuanguka, ilishuka kutoka 138 hadi 109, ilhali kliniki zote zilikuwa zimempima akiwa amekaa kwenye kiti na kumwambia presha ni nzuri. Siku hizi akiamka hukaa kwanza ukingoni mwa kitanda, huchezesha miguu, ndipo husimama.

Enalaprili nayo ilikuja na lake: kikohozi kikavu, cha kuwasha koo, kisicho na homa wala kohozi. Tulilaumu upepo wa kusi, tukampa tangawizi na asali kwa wiki tano. Kikohozi hicho ni athari inayojulikana sana ya dawa za kundi hilo, na dawa ikabadilishwa kuwa losartani, nayo ni ya presha. Kikaisha taratibu, kwa muda wa mwezi hivi.

Lakini dawa zote hizo mbili huzifanya figo zibakishe potasiamu mwilini, na hapa kwetu pwani jambo hili linahitaji uangalifu ambao sikuusikia kwa mtu yeyote hadi Ramadhani iliyofuata. Baba, baada ya daktari kukubali afunge na kumgawia dawa zake kati ya futari na daku, alikuwa akifuturu kwa tende, ndizi mbivu na madafu mawili kila magharibi, kwa imani kwamba madafu huisafisha figo. Dafu moja kubwa lina potasiamu nyingi kuliko ndizi, na tende nazo hazikosi. Kipimo cha damu katikati ya mwezi kilionyesha potasiamu 5.6, wakati kikomo cha kawaida ni kama 5.0, na ikipanda zaidi huvuruga mapigo ya moyo bila kubisha hodi. Hatukumkataza madafu kabisa, maana hilo lingekuwa ugomvi wa mwezi mzima. Aliruhusiwa nusu dafu mara mbili kwa wiki, na damu ikapimwa tena baada ya siku kumi. Kwa hiyo mzee wako akianzishiwa enalaprili, losartani au spironolaktoni (dawa ya kukojoza ambayo nayo hubakisha potasiamu), uliza ni lini atapimwa figo na potasiamu, na umweleze daktari anachokula kweli, si kile unachodhani daktari angependa kusikia.

Magoti nayo yana hadithi yake. Diklofenaki huuzwa dukani kama peremende, na Baba alikuwa akimtuma mjukuu amnunulie kimyakimya. Dawa hiyo, na ibuprofeni pia, hupandisha presha, huzielemea figo za anayetumia losartani, na ikikutana na aspirini huongeza hatari ya tumbo kutoa damu. Sasa hutumia parasetamoli na kuchuliwa.

Zile siku nne ni za mwaka wa tatu. Jamaa mmoja alimwambia habasoda inatosha, naye akaacha vidonge vyote kwa pamoja. Nyingine huenda zingesamehe, lakini atenololi haiachwi ghafla. Siku ya nne mapigo yalikwenda mbio na maumivu ya kifua yakarudi, tukavuka naye kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, alfajiri. Tangu hapo tunanunua dawa wiki mbili kabla hazijakwisha. Na yako mambo ambayo hatusubiri siku ya kliniki: choo cheusi kama lami, midomo au ulimi kuvimba, kuzirai, mapigo chini ya 50 pamoja na ulegevu, au kifua kubana.

Miguu yake bado huvimba kidogo wakati wa kaskazi, joto linapozidi. Tulimuuliza daktari, akasema inaweza kuachwa hivyo, basi jioni hulala darini miguu ikiwa juu ya mito miwili, redio sikioni, na makubadhi huyavaa asubuhi.