Re: Pua imepinda baada ya kuanguka na boda, ninyooshwe sasa au nisubiri nifanye na urembo?

Pole sana ndugu yangu. Kama ulianguka Chumbageni na leo ni siku ya 4, usisubiri, nenda hospitali ya Bombo hapo Tanga wakuangalie wakuelekeze kwa daktari wa pua na koo, maana kwa mtu mzima mifupa ya pua inarudishwa kirahisi ndani ya wiki 2 hivi, ikishashika vibaya ndo unaingia kwenye kuvunjwa upya. Mdogo wangu alipigwa kiwiko kwenye mpira, wakasubiri uvimbe upungue kwanza ndo wakamrudishia, akatoka na pamba ndani na plasta ngumu juu, alikuwa analala kwenye mito 3 anapumulia mdomo, asubuhi midomo imekauka inapasuka.

Kinachonitisha ni hapo uliposema pua imeziba pande zote. Chukua kioo na tochi ya simu, ukiona uvimbe laini wa zambarau kwenye ule ukuta wa katikati nenda usiku huu huu, hiyo ni damu imejikusanya, isipotolewa haraka inaua gegedu (ule mfupa laini wa pua) na pua inabonyea. Maji maangavu yakichuruzika puani nayo ni dharura, tafadhali.

Upasuaji wa urembo ni hiari yako, huwa unasubiri miezi 3 mpaka 6 au zaidi, na umbo kamili unaliona baada ya mwaka hivi. Ila ukuta wa ndani ukipinda ukapumua kwa shida, hiyo ni matibabu sio urembo, hakikisha daktari anaiandika hivyo kabla hujaongea na watu wa bima.